Simu Iliyopigwa Kwenye Kilio Changu

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo naikumbuka kwa harufu yake. Harufu ya nyasi zilizochomwa. Ilikuwa kipwa, majira yale ya ukavu ambapo asubuhi za Kamina zina baridi ya kukunja vidole, na ikifika mchana moshi wa porini unashuka mjini na kulala juu ya reli. Nilikuwa nyuma ya nyumba napasua kuni. Nkambo, yaani bibi yangu aliyenilea, alikuwa ametoka sokoni, na sasa anageuza mihogo iliyoanikwa juu ya bati. Akaacha mihogo, akanitazama mpaka shoka likaniwia zito.

"Sasa hivi nimekuona ku gare," akasema, yaani stesheni.

"Minyi?" nikasema, yaani mimi. "Niko hapa tangu asubuhi, Nkambo. Tazama kuni."

"Kuni naziona. Na kule nilikuona. Uko na sakoshi, begi ya safari, mkononi. Nilikuita kwa jina, haukugeuka."

Kabla hujacheka, ujue kwanza anayekusimulia ni mtu wa namna gani. Mimi si mzee sana. Ila mtaani kwetu, mwanaume akishapata kitambi, mvi mbili na sweta la kifungo, watoto wanamwita mzee, na akikataa wanamwita mzee mkali. Nimekubali yaishe. Nina diploma yangu ya sekondari, ninaandika hesabu za chaki na madawati katika shule ya msingi, na fani yangu hasa, ile niliyobobea, ni kukaa nyumbani. Wapo waliozunguka dunia. Mimi nimezunguka kitanda, nikitafuta upande usio na shimo. Kwa hiyo nikikuambia kwamba kuna wakati watu waliniona stesheni, safari imenishika kama homa, ujue hapo pana jambo.

Na jambo lilikuwapo. Ndani ya begi langu, chini ya kitanda, mlikuwa na barua ya chuo kikuu kimoja cha Ulaya. Walinikubali nikasomee kilimo. Niliiomba nafasi ile kwa miezi, katika chumba cha kompyuta cha misioni, ambako mtandao ulikuja na kuondoka kama mjomba asiyetaka kuombwa kitu. Sasa ilibaki viza tu. Na Nkambo hakuwa na habari hata kidogo.

Utaniuliza, kwa nini nilimficha mtu aliyenilisha tangu meno ya utoto? Mwanangu, usijifanye hujui. Kwetu kijana anayeomba viza hujificha kuliko mwizi wa kuku. Tunaogopa balozi, yaani wachawi. Tunaogopa jicho la shangazi, ulimi wa jirani, na maombi ya mtu ambaye mwanawe alinyimwa. Rafiki yangu Kalenga, mtoto wa fundi wa reli, alinishika bega siku barua ilipofika, akaninong'oneza:

"Viza iko sawa na mimba changa. Haitangazwi. Funga kinywa mpaka ndege iruke."

Nami nikafunga. Nilipokwenda tribinali, yaani mahakamani, kutafuta hukumu ya kuzaliwa, maana wengi wetu tulizaliwa bila karatasi na lazima mashahidi waje waseme kweli huyu alizaliwa, niliwaambia mashahidi nataka kufunga ndoa kanisani. Kosa kubwa! Mtaa mzima ukaanza kumtafuta msichana. Mama mmoja akaniletea binti zake wawili kwa zamu, waje kuomba chumvi. Nyumba yetu haikuwahi kutoa chumvi nyingi vile.

Basi siku ile ya kuni, Nkambo aliniuliza wazi: "Uko na safari?"

"Safari ya wapi, Nkambo? Minyi muntu ya nyumba."

"Nauliza mara moja tu. Muntu anayeendaka bila kuaga, minyi najua wa namna moja."

Hakusema ni namna gani. Akarudi kwenye mihogo yake. Mimi nikajitia kupasua kuni, lakini kila nilipoinua shoka nilihisi kuna mtu amesimama nyuma yangu, upande wa reli, ananingoja nimalize.

Kesho yake Mama Makala, jirani yetu muuza makaa, akanisimamisha njiani, mikono kiunoni.

"Weye kijana, unaniringia sasa? Jana nilikusalimia pale ku reli, unapita tu kama askofu!"

"Jana sikutoka, Mama."

"Haukutoka? Na ile shati nyeupe iko ya nani?"

Nikacheka, mwanangu, kwa kuwa sikuwa na kitu kingine cha kufanya na uso wangu. Shati jeupe nilikuwa nalo kweli. Nilikuwa nimelinunua kwa ajili ya siku ya ubalozi. Lilikuwa bado limekunjwa begini na pini zake za dukani, na hakuna jicho la Kamina lililokuwa limeliona.

Mtu mwenye akili angekwenda siku ile ile kupiga magoti mbele ya bibi yake. Mimi niliona huo ndio ushahidi kwamba balozi wameanza kazi, na kwamba nifanye siri zaidi. Wazee walisema, mficha maradhi kilio humfichua. Nilikuwa nimefundishwa methali hiyo darasani, nikaiandika mtihanini, nikapata maksi. Kuijua ni kitu kingine.

Siku ya miadi ya Lubumbashi ilipokaribia, nilimwambia Nkambo ninakwenda Kinkondja kwa mjomba, nimletee yeye samaki wakavu. Uongo ule niliupenda sana. Ulikuwa umekatwa vizuri kama suti. Anayekwenda Kinkondja hupanda treni ile ile ya Lubumbashi, anashuka Bukama, kisha anateremka mtoni kuchukua mtumbwi wa kwenda ziwani. Mimi ningepanda mbele ya macho ya watu wote. Nisingeshuka tu.

Nkambo hakunisindikiza. Alisimama mlangoni, akanipakaza pemba kidogo kwenye paji la uso, ule udongo mweupe wa baraka, ingawa yeye ni mama wa kanisa na huimba sauti ya kwanza. Akasema, "Salimia wale unaokwenda kusalimia." Nikaifuta ile pemba kabla ya kufika stesheni, nisionekane mshamba.

Ndani ya behewa, mbele yangu, alikaa kijana wa rika langu. Shati jeupe. Begi la mistari miguuni. Alikuwa mwembamba, mwenye tabia ya kuvuta sikio lake akifikiri. Tukatazamana kama watu wawili waliokutana kwenye kioo, kila mmoja akingoja mwenzake aanze. Nikaanza mimi.

"Unaenda mbali?"

"Hapana. Hapa karibu tu. Na weye?"

"Minyi pia. Hapa karibu."

Treni nzima ya mizigo, vikapu, mbuzi na akina mama wanaotaja vituo vyao kwa sauti, na sisi wawili tu tunakwenda mahali paitwapo hapa karibu. Baadaye alinimegea kiazi kitamu cha kuchemsha. Moshi ulipoingia dirishani akanipisha nikae upande wenye hewa. Alikuwa akiimba chini chini wimbo wa kanisa, akirudia ubeti mmoja kama asiyeujua unaofuata. Nilitaka kumuuliza jina. Lakini ukiuliza jina utaulizwa lako, ukitoa lako utaulizwa la baba, na kabla ya kufika kituo kinachofuata mtu amekwishajua uko na viza. Nikageukia dirisha.

Bukama akashuka. Nilimfuata kwa macho akiteremka kuelekea mtoni pamoja na watu wa mitumbwi. Hakugeuka. Na hapo, mwanangu, mchana kweupe, nikaliona. Kwa nyuma alikuwa mimi. Bega moja chini kidogo kama langu, begi likigonga goti lile lile. Alikuwa anafanya safari ambayo mimi nilimwambia Nkambo ninaifanya, hatua kwa hatua, na mimi nimekaa dirishani namtazama akiifanya. Treni ikaondoka.

Lubumbashi nilikaa siku nyingi kwa mtu wa kabila letu, nikingoja zamu yangu. Simu sikumpigia yeyote. Siri ni siri.

Siku yenyewe nikavaa shati langu. Ofisi ya viza ilikuwa na baridi ya mashine na kimya cha watu waliobana mapaja. Mama mmoja wa Kizungu, nyuma ya kioo, aliniuliza kwa Kifaransa maswali ya kawaida: nitasoma nini, nitalala wapi, nikimaliza nitafanya nini. Nilijibu vizuri. Nilikuwa nimejifunza majibu mbele ya ukuta. Kisha akauliza, kwa upole:

"Nyumbani anakungoja nani?"

Swali dogo vile. Wanalo, hawa watu. Wanataka kujua kama una kamba ya kukuvuta urudi. Nikafungua mdomo, nikakuta hakuna kitu. Maana aliyekuwa akiningoja alikuwa akingoja mtu wa Kinkondja, na samaki. Nikasema, "Bibi yangu."

"Tunaweza kumpigia?"

Nkambo hakuwa na simu. Kwenye fomu nilikuwa nimeandika namba ya Mama Makala, ambaye simu yake ndiyo ilikuwa simu ya mtaa wetu wote. Mama wa Kizungu akamwita karani Mkongomani, naye akapiga, akaweka sauti ya wazi ili wote wawili wasikie. Nami nikasikia.

Kwanza nilisikia kuimba. Sauti nyingi za wanawake, zile zinazoburuta neno mpaka linachubuka. Kisha Mama Makala, amekaukiwa koo:

"Alo?"

Karani akataja jina langu, akauliza kama anamfahamu kijana huyo na kama anaishi hapo.

"Ule?" akasema Mama Makala. "Baba, unachelewa kumutafuta. Tuko mu kilio yake hapa."

Nyuma yake, katikati ya wimbo, nikamsikia Nkambo akiniita. Aliita mara moja, akanyamaza kidogo, kama mtu anayesikiliza jibu.

Nikarukia kile kioo. "Mama Makala! Njo minyi! Niko hapa!"

Ukatoka ukelele mmoja, na simu ikakatika.

Karani akamtafsiria mama wa Kizungu, naye akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena, akanitazama kama mtu anayetafuta mahali nilipotoboka. "Bwana," akasema, "nyumbani kwako wanasema umekufa." Mwanangu, nilikuwa nimeleta kila karatasi waliyoitaka, na nakala zake. Ya kuonyesha kwamba ninaishi, hiyo hawakuwa wameitaja. Walinirudishia pasipoti, wakasema jalada langu lina mambo yasiyoafikiana. Sikubisha. Hata mimi sikuafikiana nayo.

Nilirudi Kamina mchana. Akina mama kwenye bomba la maji waliniona, mmoja akaacha ndoo yake ikimwagika mpaka ikaisha, bila kuigusa. Mzee mmoja wa reli alivua kofia. Hakunisalimia, alivua tu kofia. Nilipita njia yangu ya kila siku na mbwa waliokuwa wakinibwekea tangu utoto walinyamaza. Uani kwetu kulikuwa na mikeka, viti vya kanisa na sufuria za maharagwe. Wimbo ulikatika kipande kipande, kadiri vichwa vilivyogeuka. Nkambo alikaa mkekani, nywele zimenyolewa. Hakuinuka.

"Weye njo nani?"

"Njo minyi, Nkambo."

"Bantu ya kufa nabo banasemaka vile: njo minyi."

"Ni minyi mwenyewe."

"Mwenyewe aliniambia anaenda Kinkondja. Weye unatoka wapi?"

Watu wote walikuwa wakingoja. Kila nililolificha kwa miezi sasa lilitakiwa litoke kwa neno moja, mbele ya mtaa mzima.

"Bulaya," nikasema. "Lakini sikufika."

Mtu mmoja nyuma akapasuka kicheko cha hofu. Nkambo hakucheka. Akaninyooshea mkono, nikapiga magoti, akanipapasa vidole kimoja kimoja, akafika kwenye sugu za shoka, akazikandamiza. "Iko na joto," akasema. Ndipo akina mama wakalipuka, hawa wanalia, wale wanapiga vigelegele, Mama Makala ananipiga mgongoni kwa hasira na furaha: "Shetani weye! Umeniua moyo mu simu!" Ndipo nikaelezwa. Mtumbwi wa Bukama ulipinduka kabla ya kufika Kinkondja. Mjomba alisema sikufika. Mwenye mtumbwi alikumbuka kijana mmoja aliyetoka treni ya Kamina, shati jeupe, begi la mistari. Wengine wote walionekana na kutambuliwa na watu wao. Yule peke yake maji hayakumtoa.

Wanaume wakaanza kukunja mikeka. Nkambo akapiga kofi moja.

"Ketini. Nani amesema kilio imekwisha?"

"Lakini Nkambo, mutoto amerudi!"

"Huyu amerudi. Na ule wa mu maji? Machozi tulilia, yalikuwa ya muntu." Akanigeukia. "Ulimuona?"

"Nilimuona. Tulikaa uso kwa uso."

"Jina yake?"

Mwanangu, nimesimama mbele ya kioo cha ubalozi bila jibu, lakini hapo palikuwa pagumu zaidi.

"Sikumuuliza."

"Na yeye alikuuliza yako?"

"Hapana."

"Sasa mulisema nini, njia yote ile?"

"Kila mmoja alisema anaenda hapa karibu."

Nkambo alitazama moshi juu ya reli. Kisha akasema maneno ambayo sijawahi kuyapunguza wala kuyaongeza:

"Munaogopa balozi, na kazi yao munaifanya ninyi wenyewe. Mulozi anafanyaka nini? Anatoa muntu mu nyumba yake, bantu basijue fasi, mahali iko. Weye ulijitoa mwenyewe. Na ule mwenzako, kuna nyumba inamungoja na samaki, ao na chumvi, ao na uongo gani sijui. Wanafikiri anatembea. Haiko muntu wa kumulilia. Basi sisi tutamulilia. Simama, useme unachojua."

Nikasimama kwenye kilio changu mwenyewe, ndani ya shati langu jeupe, nikasema. Kwamba alikuwa mwembamba. Kwamba alivuta sikio akifikiri. Kwamba alinimegea kiazi, na moshi ulipoingia alinipisha penye hewa. Kwamba aliimba ubeti mmoja tu. Nikaujaribu ubeti wenyewe, na sauti yangu ni ya kufukuza ndege shambani, lakini akina mama waliutambua, wakauchukua, wakaendelea nao mpaka mwisho. Walipofika mahali pa kutaja jina la marehemu waliimba pumzi tupu. Sijasikia kitu cha kutisha zaidi ya ile pumzi, na nilikuwa nimekwisha kusikia jina langu mwenyewe.

Chuo hakikuniwekea nafasi. Mwaka uliofuata Nkambo aliumwa, nikabaki kumtunza, kisha nikabaki tu. Kubaki ni kazi ninayoiweza. Kila treni ya Bukama ilipoingia, alimtuma mtu kuuliza kama kuna familia inayomtafuta kijana. Hakuna aliyekuja. Huenda ni yeye waliyemwona wakidhani ni mimi, akizunguka stesheni siku zile akingoja treni. Huenda. Nilimwambia Nkambo hivyo. Akaniambia nikalete kuni.

Sasa nakuambia wewe, uliyejifungia na simu unapeleka maombi, ukidhani hatujui kwa nini ghafla umeanza kunyoosha nguo kwa pasi. Omba. Omba chuo, omba viza, ukinyimwa omba tena. Mimi sikukatazi dunia kwa sababu nimeishindwa. Wala sikuambii ukatangaze sokoni. Kuna ndimi ambazo hata mimi nazikimbia. Lakini yupo aliyekulea. Kaa naye, mwambie jina la mji, jina la chuo, siku ya treni. Akilia, mwache alie ukiwa hapo umfute. Usiache nyuma yako uongo umevaa nguo zako. Mahali watakapokuuliza anakungoja nani, uwe na mtu wa kumtaja, naye awe anajua anangoja nini. Na njiani, ukiketi mbele ya mgeni, muulize jina lake, umpe na lako. Wachawi siwajui idadi yao. Lakini nimeona jinsi sisi wenyewe tunavyofanyana mizimu tukiwa hai.

Nenda, mwanangu. Mungu akufungulie milango ambayo mimi nilisimama mbele yake. Akupe mwenyeji atakayekuita vizuri, chakula kisichokukaa kooni, na akili isiyokusahaulisha kwenu. Ukienda, uende ukijulikana. Ukikaa, ukae ukipendwa. Na popote jua litakapokukuta, awepo mtu anayeweza kusema: namjua huyu, ni wetu. Amina.